Wanaongea Kiingereza vizuri, lakini kusoma na kuandika kunawaangusha

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wanaongea Kiingereza bila shida ila alama zao za kusoma na kuandika kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hazipandi. Nimeandaa watahiniwa wa mtihani huu kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni upunguze kuwapa karatasi nzima nzima. Mwanafunzi akimaliza karatasi, akajumlisha alama akaenda zake, hajajifunza kitu. Faida iko kwenye kuyarudia majibu, jibu kwa jibu, na kumtaka aonyeshe mstari uliompa jibu hilo.

Hasa kwenye maswali ya kweli, si kweli au haikutajwa. Chukulia kifungu kinasema wasomaji wa maktaba waliongezeka baada ya umeme kuwekwa. Kauli ya kupima inasema: kabla ya umeme, maktaba ilifungwa jioni. Wengi watajibu kweli. Waulize kwa nini, watakuambia, "Si kulikuwa na giza?" Hilo wamelitoa kichwani mwao, kifungu hakijagusa saa za kufunga, kwa hiyo haikutajwa. Mimi humwambia mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari. Kazi hii inakwenda polepole na watanung'unika, lakini usiiache. Kasi itakuja baadaye, na wataihitaji, maana maswali ni 40 kwa dakika 60 na hakuna muda wa ziada wa kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu. Jibu likikosewa halipunguzi alama, basi asiache pengo hata moja. Tahajia ikikosewa, alama imekwenda.

Kwenye kuandika, tatizo la kwanza ni saa. Kazi ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili, yaani insha, 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Halafu unamkuta mtu anapamba maelezo ya grafu nusu saa nzima! Dakika 20 zikiisha, ahamie kwenye insha.

Na insha zenyewe mara nyingi hazina upungufu wa sarufi kama tunavyodhani. Mwanafunzi anaandika kwamba intaneti inasaidia elimu, biashara na afya, kisha anaruka kwenye aya nyingine. Muulize: inasaidiaje elimu? Inamsaidia nani, kufanya nini? Achague hoja moja na aijibie maswali hayo kwa sentensi nne au tano. Utangulizi wa kukariri mpige marufuku kabisa. Watahini wanautambua, na unamla muda bila kumwongezea chochote.

Unaposahihisha, usijaze wino mwekundu ukurasa mzima. Chagua kosa moja linalojirudia, labda nyakati za vitenzi, mrudishie aya ileile aiandike upya. Wiki inayofuata shika kosa jingine. Walimu wengi huona kurudia insha ileile ni kupoteza muda, ila mimi sijaona njia inayompandisha mwanafunzi haraka kuliko hiyo.