Mvua isiyokunyeshea ndiyo ya kuogopa

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Umoja, umri miaka 54. Agosti namtembelea binti yangu Salt Lake City, Marekani. Amepanga tuzunguke makorongo ya Little Wild Horse na Bell, huko Utah, kama kilomita 13. Kutembea nimezoea, Karura kila Jumamosi, na Ngong nimepanda mara nne. Ila jangwa silijui. Joto nitaliweza?
Mwalimu, Umoja

JIBU: Mwalimu, miguu yako inatosha. Mzunguko huo niliutembea mwezi wa Oktoba nilipokwenda kumwona kaka yangu, ukanichukua saa sita pamoja na kukaa chini kula. Pumzi haitakusumbua kwa sababu Nairobi iko juu zaidi. Ukishaingia, korongo hugawanyika: kushoto Bell, kulia Little Wild Horse. Pandieni la kulia, mrudi kwa Bell. Mkoba uwe mdogo, maana kuna mahali kuta hubana hadi unapita kiubavuubavu.

Kuta hizo ni matuta ya mchanga ya jangwa la kale, yaliyogeuka jiwe tangu karibu miaka milioni 190 iliyopita. Ile mistari ya mshazari ni alama ya upepo ulivyokuwa ukimwaga mchanga upande wa pili wa tuta. Pitisha kiganja, utahisi msasa. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Kuhusu joto: beba lita nne za maji, kwa kuwa njiani hakuna ya kunywa, pamoja na kofia pana na karanga za chumvi.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni Agosti yenyewe. Kuanzia Julai hadi Septemba, mvua za radi hunyesha huko, mara nyingi alasiri, na jabali tupu halinywi maji. Yote huteremka kwenye korongo kwa mara moja.

Hapa kwetu nililiona jambo hilo Hell's Gate, Naivasha, ndani ya bonde la Ol Njorowa. Kiongozi wetu alitazama kijito miguuni, akaona kinaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, akatuamuru tupande mara moja. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Tulipofika ukingoni, maji yalipita yakiwa yamebeba matawi na mawe, pale pale tulipokuwa tukipigana picha. Katika bonde hilo hilo watu walikufa kwa mafuriko ya ghafla Aprili 2012, na tena Septemba 2019.

Kwa hiyo, kama tiketi hujakata, nenda Oktoba. Kama umekata, muingie alfajiri na mtoke kabla ya adhuhuri. Siku hiyo binti asome utabiri wa hali ya hewa wa eneo zima la San Rafael Swell, mwinuko mkubwa wa mawe yalimo makorongo hayo, maana maji hutoka huko juu. Utabiri ukitaja radi popote, msiingie, hata kama mmeendesha gari saa nne kufika. Nendeni Goblin Valley, kilomita chache tu kutoka hapo, mtembee asubuhi mapema katikati ya mawe yaliyosimama kama uyoga. Ni uwanda wazi, na hamtakuwa mmebanwa na kuta.