Uliza Fundi: Tailizi juu ya rangi ya mafuta, zitakaa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Jikoni kwangu ukuta wa nyuma ya jiko la gesi umeharibika na mafuta ya kukaangia, nasugua kila wikiendi wapi. Nimeona tailizi za maua Kariakoo, za sentimita 10 kwa 20, nataka nibandike kuanzia kwenye kaunta mpaka chini ya makabati. Ukuta una skimu (ule unga wa kulainisha lipu) na juu yake rangi ya mafuta. Fundi wa mtaani anasema anabandika juu kwa juu hamna haja ya kubandua kitu, jirani naye anasema lazima niziloweke kwenye maji kwanza. Nimsikilize nani, na je naweza kufanya mwenyewe?
Dada wa Tabata

JIBU: Dada yangu, fundi achana naye, jirani yuko sahihi nusu.

Ukuta kwanza maana ndo kazi yenyewe. Gundi inashika kile inachokigusa, sasa kwako inagusa rangi, rangi imeshika skimu, na skimu ni unga unga tu, siku ikiachia tailizi zinashuka na kila kitu, tena hapo nyuma ya jiko kwenye joto na mvuke ndo zinaanza. Kwangua na skrepa mpaka uione lipu yenyewe. Gongagonga na mpini wa nyundo, pakilia kama pana uwazi ndani bomoa hapo upige lipu upya na uiache ikauke. Lipu ikiwa inateleza sana itoboetoboe na patasi ili gundi ipate pa kushika. Mafuta osha na maji ya moto na sabuni, usifute futa tu.

Kuloweka ni kwa wanaobandika na simenti na mchanga, kwa sababu tailizi za seramiki zikiwa kavu zinafyonza maji ya simenti inakauka kabla haijashika. Ukitumia gundi ya mfuko, ile ya unga unayochanganya na maji, usiloweke, futa vumbi la nyuma basi. Mi kwa ukuta nakushauri gundi.

Vipimo hujaniambia, tuseme mita 3 kwa sentimita 60, hiyo ni skwea mita 1.8, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata kama 2, na za 10 kwa 20 zinaingia 50 kwenye skwea mita moja, so vipande 100. Nunua zote siku moja na uangalie maboksi yawe toleo moja, rangi huwa zinapishana kidogo na dukani huioni, utaiona zikishakuwa ukutani.

Zipange kavu kwanza uone maua yanavyokutana. Halafu piga mstari wima katikati ya ukuta uanzie hapo kwenda pembeni, vipande vya kukata vitalingana pande zote. Kaunta usiiamini, nyingi haziko levo, tumia pima maji. Gundi changanya kidogo kidogo, pakaza na mwiko wa meno sehemu ndogo, maana ikikaa kama dakika 20 inaota ngozi juu, ukigusa na kidole isiponata kwangua weka nyingine. Spesa (vile viplastiki vya kuacha nafasi kati ya tailizi) za milimita 2 zinatosha. Ukimaliza acha siku nzima ndo upige grauti ya kuziba hizo nafasi, na usichague nyeupe jamani, kwa bizari zetu hizi? Chukua kijivu. Pale tailizi zinapokutana na kaunta weka silikoni, grauti hapo inapasuka.

Mwenyewe unaweza, ila kukata matundu ya soketi ni kazi ya grainda, hapo muite mtu umlipe hiyo tu, na mzime meni swichi.

Kabla hujalipia dondoshea tone la maji upande wa maua. Likizama, hizo ni za saruji, zinataka kupakwa sila (dawa ya kuziba vitundu zisifyonze) kabla ya grauti, la sivyo grauti inaingia kwenye maua na haitoki.