Mbona upimwe TB na ugonjwa ni wa ngozi?

Ndugu uliyeuliza kwa nini daktari wa ngozi amekutuma kupima TB kabla ya kukuandikia sindano ya kuzuia p40, mimi pia nilinuna. Nina soriasisi, ule ugonjwa wa magamba kwenye ngozi, mwaka wa 11 sasa. Nimevaa mikono mirefu Januari na jua la Nairobi lote, na kwenye matatu nimeshahamwa kiti. Siku niliyotarajia sindano nikaambiwa nikatoe damu na kupigwa picha ya kifua. Nikajua bili inanenepeshwa.

Kumbe sivyo. p40 ni kipande cha protini, tena ni nusu ya saitokini mbili, yaani zile protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo. Ikishikana na p35 unapata interlukini 12. Ikishikana na p19 unapata interlukini 23. Ni kama mpini mmoja unaoingia kwenye jembe na kwenye shoka. Interlukini 12 huchochea seli T na seli NK, aina mbili za seli za kinga, kutoa saitokini nyingine iitwayo intaferoni gama, nayo huzipa makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua vijidudu vilivyojificha ndani yake, kile cha TB kikiwemo. Interlukini 23 huzitunza seli T zinazotoa interlukini 17, na huko ndiko magamba yetu ya viwikoni yanakotokea.

Hii 23 haikujulikana hadi mwaka 2000. Awali lawama zote alibebeshwa 12, maana ukizuia p40 uvimbe ulipungua. Ukiuficha mpini, utajuaje ni jembe au shoka lililokukata?

Sindano ya ustekinumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa soriasisi 2009, hushika p40, kwa hiyo 12 na 23 zote mbili hulala, na kijidudu cha TB kilichojificha kinaweza kupata mwanya; ndiyo maana unapimwa kwanza. Guselkumabu ya 2017 hushika p19 peke yake. Muulize daktari wako unapewa ipi, ingawa kipimo cha TB utafanyiwa kwa zote mbili.

Aliyesema kwamba sindano hii "inafuta kinga yote" ametia chumvi. Wapo watu wanaozaliwa bila p40. BCG yenyewe, ile chanjo ya TB ya kovu la mkono wa kushoto, inaweza kuwaletea ugonjwa, na maambukizi ya kijidudu cha salmonela huwarudia, lakini vijidudu vingine vingi wanavimudu.

Damu yangu ilionesha nina TB iliyolala, yaani kijidudu kimo mwilini lakini hakijaniuguza. Maabara huichanganya damu na protini za kijidudu cha TB, kisha hupima intaferoni gama, ile ile inayochochewa na 12. BCG ya utotoni haikivurugi kipimo hicho. Picha ilikuwa safi, kikohozi sina. Nikameza isoniazidi, dawa ya TB, na vitamini B6 miezi 6, ila sindano ya kwanza nilidungwa baada ya mwezi mmoja tu wa vidonge. Ya pili ikaja wiki 4 baadaye, na tangu hapo ni kila wiki 12.

Kama huwa unasafiri nje ya nchi, ulizia chanjo ya homa ya manjano mapema. Ni ya kirusi hai, na ukishaanza sindano hawakuchanji. Mimi huenda Kampala kufuata mzigo, nikachanjwa kabla.