Maswali ya Wasomaji: Mtu Aitwe Nani, na Aamue Nani?

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanaandaa mdahalo kuhusu kile ambacho wengi hukitafsiri "usahihi wa kisiasa". Kila nikieleza, wanadhani ni habari za vyama. Maana yake hasa ni nini, na ubishi wake unatoka wapi? (Mwalimu, Nzega)

JIBU: Tafsiri ndiyo iliyowapoteza. Kinachozungumzwa ni kuchagua maneno yasiyomdunisha mtu kwa ajili ya mwili wake, kabila, jinsia, dini au hali yake ya maisha. Vyama havimo. Zamani "siasa" ilibeba pia maana ya upole na busara. Kumwendea mtu kwa siasa hakukuhusu kura. Ukiishika maana hiyo, tafsiri inakaa vizuri zaidi. Wasiichanganye na tasfida. "Kujifungua" badala ya "kuzaa" ni tasfida, inasitiri masikio ya msikilizaji. "Mtu mwenye ualbino" badala ya "zeruzeru" inamlinda yule anayetajwa.

Huko Marekani, miaka ya 1970, watu wa mrengo wa kushoto waliutumia msemo huu kutaniana, wakimkejeli mwenzao anayeng'ang'ania msimamo wa kundi kupita kiasi. Baadaye wapinzani wao wakaugeuza rungu. Rais George H. W. Bush aliushambulia katika hotuba yake Chuo Kikuu cha Michigan tarehe 4 Mei 1991, akiuona kama tishio kwa uhuru wa kusema. Siku hizi ni nadra mtu kujiita hivyo. Ni jina la kupachikwa. Anayelitaja mara nyingi ameshachagua upande, na wanafunzi wako waliseme hilo mapema.

Wanaounga mkono wana mfano wa karibu sana nasi. Wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, kanda ya ziwa na huku magharibi, walikuwapo waliopita barabarani wakasikia wakiitwa "dili". Dili lina bei. Aliyezoea kumwita jirani yake kwa neno la biashara ameshavuka nusu ya njia.

Wanaopinga wana hoja nyepesi na hoja nzito. Nyepesi ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 waziri na mkulima wote waliitwa "ndugu", na hakuna Mzungu aliyetutuma. "Mheshimiwa" alirudi baadaye kimyakimya. Hoja nzito ni kwamba maneno huchakaa. "Kilema" aliondoka, akaja "mlemavu". Sasa "mlemavu" naye anakwepwa, tunasema "mtu mwenye ulemavu", na ofisi ileile bado ina ngazi saba mlangoni. Upande wa pili ukishindwa kuijibu hoja hii, umeshindwa mdahalo.

Jambo moja la kuwaonya: wasiegemee sana dai kwamba "ki-" ni ngeli ya vitu, ndiyo maana kiziwi na kipofu ni matusi. Mpinzani atauliza: na kiongozi je? Na kinyozi?

SWALI: Niliandika tangazo la mkutano nikiwaalika "viziwi na wasioona". Mwenzangu akafuta, akaandika "wenye mahitaji maalumu". Halafu kwenye orodha ya wakazi ameweka safu ya "raia wapya". Yupi yuko sahihi? (Karani, Kaliua)

JIBU: Rudisha maneno yako. Chama chao cha kitaifa kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wanajiona jamii yenye lugha yake, Lugha ya Alama, na neno hilo hawalionei haya. Wenzao wamechagua "wasioona" badala ya "vipofu", na chama chao kina jina hilo. Kwa hiyo anza na jina walilojipa wenyewe, hata kama kwako linasikika kali.

"Mahitaji maalumu" linaharibu kazi pia. Anayeandaa ukumbi hajui alete mkalimani, aepuke ngazi au achapishe ajenda kwa herufi kubwa. Mwisho hafanyi lolote. Andika hivi: "Mkalimani wa Lugha ya Alama atakuwepo. Ukumbi hauna ngazi. Ajenda ya herufi kubwa ipo kwa wenye uoni hafifu." Hao wa mwisho ni pamoja na wengi wenye ualbino, ambao pia wapangiwe viti mbali na dirisha la jua.

Unapotaja kundi zima, "watu wenye ulemavu" ndilo salama. Hata sheria ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ukimtaja mtu mmoja, taja hali yake pale tu inapobadilisha jambo. Mjumbe aliyechaguliwa kwa kura ni mjumbe, basi. Futa "anayesumbuliwa na ualbino": kinachomsumbua ni jua, na watu. Andika "anayeishi na VVU", si "mgonjwa wa UKIMWI", maana hapo kosa si la adabu peke yake: VVU ni virusi, na wengi wanaotumia dawa hawafiki hatua ya UKIMWI.

Kuhusu "raia wapya": lilikuwa na kazi ofisini mwaka 2014, pale zaidi ya watu 162,000 wa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 walipopewa uraia, wakiwemo wa Ulyankulu. Libaki kwenye majalada ya uraia. Kwenye orodha ya mkutano wako halipimi chochote, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hajawahi kuwa raia wa kwingine. Futa safu hiyo.

SWALI: Mimi ni Muha. Bosi wangu huniita "manamba" mbele ya wateja, nikinuna anasema ni utani. (Msomaji, Kigoma Mjini)

JIBU: Manamba walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, wengi wakitolewa mbali, Kigoma ikiwemo. Kila mmoja alipewa namba, na jina likatokana na namba hiyo. Utani nao una masharti: pande zote mbili hutaniana, na mtani ana wajibu wake, hasa msibani. Mmoja akirusha na mwenzake akabaki kumeza kwa kuogopa mshahara, utani haupo. Siku nyingine mrudishie papo hapo utani wa kwao, mwepesi. Akicheka, mnaweza kuendelea. Akikunja uso, msubiri wateja waondoke, umwambie: "Bosi, naomba uniite kwa jina langu."