Anza na soli: kwa wanaojifunza kushona alpargata

Ukiingia karakana ya alpargata, viatu vya turubai vyenye soli ya msuko, mara ya kwanza, macho hukimbilia turubai: rangi, mistari, utepe wa kufungia kifundoni. Yangu nayo yalikimbilia huko. Jozi yangu ya kwanza niliishona hapa Catalonia, Hispania, turubai imenyooka vizuri, na soli zikafumuka kabla mwezi haujaisha. Ndugu zangu, hiki kiatu ni soli. Kitambaa kinafuata.

Soli huanza na msuko wa juti, nyuzi zile za magunia. Kama umekulia nyumba ya wasuka ukili, mkono wako tayari unaijua nusu ya kazi: msuko mrefu unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu, kama mkeka. Ila hapa msuko husimamishwa kwa ukingo wake. Anza katikati, zungusha kuelekea nje ukifuata umbo la wayo, kisha pitisha shazia kwa ubavuni, itokee upande wa pili ikiwa imekamata kila mzunguko. Vaa kipande cha ngozi kiganjani. Na vuta uzi kwa nguvu ile ile tangu mshono wa kwanza, kwa sababu mzunguko wa katikati ukilegea hutaufikia tena. Zangu zilifumukia hapo hapo.

Kwa jadi soli ya kulia na ya kushoto ni moja. Usihangaike, mguu wa mvaaji ndio utakaozitofautisha.

Zamani haikuwa juti. Ilikuwa esparto, nyasi ngumu ya nchi kavu za Hispania, na ndiyo iliyokipa kiatu jina lake la Kikatalani, espardenya. Katika pango la Murciélagos, mkoa wa Granada, zimepatikana ndara za esparto zenye umri wa miaka zaidi ya 6,000. Juti ilikuja baadaye sana, kutoka Bengal.

Watu watakutajia mbunifu wa mitindo Yves Saint Laurent na alpargata za kisigino kirefu za miaka ya 1970. Sawa. Mimi nikishika shazia nawakumbuka wasichana wa mabonde ya Roncal na Ansó, upande wa Hispania, wengine bado watoto, ambao tangu mwishoni mwa karne ya 19 walivuka milima ya Pyrenees kwa miguu kila vuli, kwenda kushona alpargata Mauléon, upande wa Ufaransa, na kurudi makwao majira ya kuchipua. Waliitwa mbayuwayu. Wengi walikuwa wanatafuta fedha za vyombo vya harusi. Mikono ile ndiyo iliyoujenga mji ule.

Ukifika kwenye turubai, kiache kiatu kibane kidogo, kwani kitatanuka. Mteja akiuliza habari za mvua, mwambie ukweli: juti ikikaa na maji huoza, hata ile iliyopakwa mpira chini. Kikilowa, akianike kivulini, soli ikiangalia juu.