Karakana ya Wasomaji: Faibaglasi kwenye Jahazi la Mfano

SWALI: Ndugu mhariri, nimeunda jahazi la mfano la mbao, urefu sentimita 80. Nimelivika faibaglasi ile ya kuzibia mabodi ya magari, kwa epoksi. Limebaki na mabaka meupe na kwenye mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, imebanduka. Nifanyeje lipate uso laini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Epoksi haina kosa, kosa ni faibaglasi yenyewe. Hiyo ni mkeka wa nyuzi fupi za kioo zilizoshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na staireni, kemikali iliyomo kwenye resini ya poliesta. Epoksi haina staireni, kwa hiyo mkeka haulainiki wala haulali, na hewa inabaki ndani. Ubandue wote, usiufunike. Tafuta kitambaa kilichofumwa, cha gramu 50 hivi kwa mita ya mraba.

Kitambaa hakikunji kona kali, basi uviringishe ukingo wa mkuku kwa msasa. Pembe ambapo mkuku unakutana na ubavu ijaze epoksi iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao. Tandika kitambaa kikavu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, vipishane sentimita moja kwenye mkuku.

Epoksi ni resini inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi chake. Kama kopo limeandikwa 100 kwa 50 kwa uzito, gramu 30 za resini na 15 za hadina zinatosha mkono wa kwanza. Tumia mizani. Wako wanaoongeza hadina ili ikauke upesi. Inayozidi haina cha kushikana nacho, na uso haugandi ukawa mgumu. Mimina, kisha kokota kwa kadi ya plastiki kutoka mkukuni kwenda juu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanataka ulaini mkono wa kwanza, wanajaza epoksi, kitambaa kinaelea na kufanya mawimbi. Mfumo wa nyuzi uonekane bado, bila kung'aa. Palipotuama, gandamiza karatasi ya chooni inyonye.

Ikifika hali ya kunata bila kuchafua kidole, paka mkono wa pili, mwembamba, kisha wa tatu vivyo hivyo. Hiyo ndiyo inayojaza matundu ya mfumo. Fanya kazi jioni, mbao zinapopoa. Asubuhi zinapopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo vipovu.

SWALI: Epoksi yangu imekauka lakini inateleza kama ina mafuta. Msasa unaziba, rangi inajikunyata. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni utando wa hadina iliyokutana na unyevu na hewa ukaa, kawaida kabisa pwani. Unayeyuka kwa maji, si kwa tina ya kuzimulia rangi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na dodoki gumu, ukaushe, ndipo upige msasa wa maji namba 240, halafu 400. Ukiona nyuzi zinametameta, acha hapohapo: umefika kwenye kitambaa. Paka epoksi sehemu hiyo kabla ya praima. Glavu na barakoa ni lazima. Vumbi la kioo huwasha ngozi na koo.