Mti pacha wa Preston Park, Brighton

Unauliza kwa nini walikata mti mmoja kati ya ile elmu pacha (miti miwili mikubwa ya jamii ya elmu) ya Preston Park, bustani ya umma mjini Brighton, Uingereza, badala ya kuutibu. Ulishikwa na kuvu anayesambazwa na mbawakawa wadogo wanaotoboa magome. Kuvu huyo akishaingia, mishipa ya maji huziba na matawi hunyauka. Kukata tawi lililougua husaidia mapema tu, na hapo ilishachelewa. Zaidi, kuvu huyo hupita pia kwenye mizizi iliyoungana, na pacha wake alikuwa jirani kabisa! Ndiyo maana waliukata mwaka 2019. Inauma, maana ni mti wa miaka 400 hivi, lakini mimi naona walifanya sawa: walikuwa wanamwokoa pacha aliyebaki.